Wenzetu Wasiokuja: Maneno Machache Juu ya Kujithamini

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, ukumbi wa chakula wa shule)



Awali ya yote natoa shukrani zangu kwa Kamati kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Katibu aliponisomea kwa simu kichwa cha habari, yaani "Kujithamini na Kuwa na Mtazamo Mwema wa Maisha", nilimwuliza kama anataka mahubiri au hotuba. Akanijibu kwamba anataka dakika ishirini. Basi nitajitahidi nisizizidishe, kwa maana harufu ya pilau imekwisha ingia ukumbini na sipendi kushindana nayo.

Ndugu zangu, sitaanza na sisi tuliopo. Nitaanza na wale ambao hawapo.

Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 1974 tulikuwa wanafunzi 70, mikondo miwili, A na B. Katika hao, 19 wamekwisha tangulia mbele ya haki kwa kadiri nijuavyo. Tuliopo hapa leo ni 16. Kuna 12 walio mbali, au ambao hatujui waliko. Wanabaki 23, na hao wote wanaishi mahali ambapo mtu akipanda basi la asubuhi atafika hapa kabla ya jua kutua. Mmoja wao anakaa mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka lango la shule hii. Wote walipata barua, na wengi walipigiwa simu. Hawakuja mwaka huu, wala mwaka jana, wala juzi.

Kwa muda wa miezi miwili nimewauliza baadhi yao, kwa upole, sababu ya kutokuja. Wachache walitaja ugonjwa au msiba, na hizo ni sababu za haki. Lakini wengi walinipa jibu moja kwa maneno mbalimbali. Mmoja alisema, "Nitakuja nikijipanga." Mwingine akasema, "Nyie nendeni, mimi nije kusema nini?" Wa tatu alicheka tu, akanikaribisha chai, akabadilisha mazungumzo. Watu hawa hawana chuki na shule. Wanauliza habari za kila mwalimu, na wanakumbuka majina ya mabweni kuliko mimi. Ila kila mmoja amejipima, akajiona amepungua, akaamua mwenyewe kwamba hastahili kukaa kwenye kiti ambacho leo kiko wazi pembeni yako.

Sasa, kipimo hicho wamekipata wapi? Kwa maoni yangu sisi sote tulikipata humu humu, katika majengo haya. Silaumu walimu wetu, ambao baadhi yao wamekaa mbele yangu na bado naogopa kuwakosea sarufi. Nausemea utaratibu wenyewe wa elimu. Mnakumbuka siku ya kufunga shule: tunapangwa mistari, majina yanasomwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, na aliyekuwa wa mwisho anabeba sanduku lake mpaka stesheni akijua kwamba basi zima linamjua. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika katika "Elimu ya Kujitegemea" kwamba wakati ule asilimia 13 tu ya watoto wa shule za msingi ndio wangepata nafasi katika shule za sekondari. Akaonya kwamba elimu ya namna ile inawatia wanaofaulu kiburi cha kujiona bora kuliko wenzao, na inawaacha walio wengi wakitamani kitu ambacho hawatakipata kamwe. Wengi wetu tulisoma maneno hayo katika somo la Siasa na tukapata alama nzuri kwa kuyaeleza. Lakini kuyaeleza ni jambo moja, na kuyatoa moyoni ni jambo jingine. Tulikuwa katika wale 13, na tukajifunza kuamini kwamba mtu ana thamani kwa sababu amepita kwenye chujio. Basi maisha yakaleta machujio mengine, na kila aliyenaswa na chujio la baadaye akaona kwamba thamani yake imekwisha.

Vijana wa Kidato cha Nne, hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwezi Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2012. Zaidi ya watahiniwa 6 katika kila 10 walipata sifuri. Nchi nzima ilishtuka. Waziri Mkuu aliunda tume, nayo ikaona kwamba utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa mwaka ule. Mwezi Mei mwaka huo huo serikali ikafuta matokeo yale, na Baraza la Mitihani likayapanga upya kwa utaratibu wa mwaka 2011. Maelfu ya vijana waliolala na sifuri wakaamka wamefaulu. Hebu fikirini jambo hilo. Hawakurudi darasani, hawakushika kalamu tena, na karatasi zao za majibu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni rula. Lakini tangu Februari hadi Mei kijana yule alikuwa ameitwa sifuri nyumbani, mtaani na pengine msikitini au kanisani, naye akaitika.

Sisemi kwamba mtihani ni upuuzi. Mtihani unapima kitu, na anayetaka kuwa daktari wa watu hana budi kupimwa. Ninalosema ni kwamba mtihani unapima majibu uliyoandika siku ile, kwa rula iliyotumika mwaka ule. Haupimi zaidi ya hapo. Ndiyo maana mimi nilifurahi mwezi Januari 2023 Baraza lilipoacha kutangaza shule 10 bora na wanafunzi 10 bora. Najua wapo humu ndani waliokasirika, hasa wale ambao shule zao zilikuwa zinaingia katika orodha. Tutabishana wakati wa chakula.

Sasa niruhusuni niseme kidogo habari za wataalamu. Mwaka 1890 mtaalamu wa Marekani, William James, alitoa kitabu juu ya elimu ya nafsi, na ndani yake akaweka hesabu ndogo ambayo hata mimi niliyekuwa dhaifu wa hesabu naielewa. Alisema kwamba jinsi mtu anavyojithamini ni mafanikio yake yakigawanywa kwa yale aliyojitwika kuyatazamia. Aliyetazamia 10 akapata 5, anajiona nusu mtu. Aliyetazamia 4 akapata 4, anajiona mzima, ingawa amepata kidogo kuliko yule wa kwanza. James alijitolea mfano mwenyewe: kwa kuwa alikuwa ameweka maisha yake yote katika elimu ya nafsi, angeona aibu akikuta mtu anayeijua kuliko yeye, lakini kutojua Kiyunani hakukumsumbua hata kidogo, kwa sababu hakuwahi kujitwika mzigo huo.

Watu wengi wakisikia hesabu hiyo husema basi dawa ni kupunguza matumaini. Mimi sikubali. Lililo muhimu ni kuuliza: hicho kigawanyo, nani alikiandika? Wazee wetu walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Yule mwenzetu wa nusu saa kwa miguu, ambaye sitamtaja jina, ana karakana ya kutengeneza baiskeli na pikipiki. Amesomesha watoto wanne, na amefundisha kazi vijana ambao sasa wana karakana zao. Kwa hesabu yake mwenyewe ni mtu aliyejaa. Lakini ukimwambia "mkutano wa wanafunzi wa zamani", anakiweka chini ya mstari kigawanyo cha wengine: ukurugenzi, udaktari, nyumba ya ghorofa. Mara moja jibu linakuwa sehemu ndogo kuliko moja. Ni mtu yule yule, saa ile ile.

Lakini kundi ambalo limeumia zaidi si la mafundi. Ni la wale waliopanda kisha wakashushwa. Darasa letu lilimaliza mwaka 1977, na wengi walipotoka vyuoni walichukuliwa na mashirika ya umma. Ninyi mliokuwapo mnakumbuka maisha yale: nyumba ya shirika, gari la shirika, mhuri mezani, na barua inayoanza na "Ndugu Meneja". Mtu akipita mtaani haitwi kwa jina la baba yake, anaitwa kwa jina la shirika. Kisha katika miaka ya 1990 ikaja Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, ukaja ubinafsishaji, na watu wakapunguzwa kazini. Wapo waliopewa barua siku ya Ijumaa na kutakiwa watoke katika nyumba mwisho wa mwezi. Umri wao ulikuwa miaka 35 au 40, na watoto bado walikuwa shule ya msingi.

Nimewaona watu hao kwa karibu. Wawili kati yao walipata hasara ya aina moja, lakini njia zao zikaachana, na kwa miaka mingi nimejiuliza kwa nini. Wa kwanza alikaa ndani. Alivaa suti yake kila Jumatatu, akaenda mjini kufuatilia mafao, akarudi, akakaa. Wenzake wakimkaribisha kwenye harusi alisema yuko safarini. Hakuwa mvivu. Kila kazi aliyoonyeshwa ilimwonekea kama tangazo la kushushwa kwake, basi akazikataa zote, na mwisho watu wakaacha kumwonyesha. Wa pili aliomba ekari mbili kwa mjomba wake akalima nyanya. Msimu wa kwanza zilioza. Msimu wa pili zilikubali lakini bei ilikuwa chini. Nilipomwuliza anawezaje kusimama sokoni na tenga mbele ya watu waliokuwa wakimpigia saluti getini, alinitazama kama asiyeelewa swali. Alisema, "Ile saluti ilikuwa ya gari." Sijapata kusikia uchambuzi bora kuliko huo hata vyuoni. Alikuwa amejua mapema, pengine kabla hata ya barua ya Ijumaa, kipi ni chake na kipi ni cha shirika.

Msidhani kwamba wa pili alikuwa na furaha kila siku. Mkewe aliniambia kwamba kulikuwa na usiku ambao halali. Lakini asubuhi palikuwa na nyanya zinazotaka maji, na nyanya haziulizi wewe ulikuwa nani. Mimi naamini, bila ya kuwa na kitabu cha kuonyesha, kwamba mtu anayengoja kwanza ajisikie vizuri ndipo aanze kazi atangoja sana. Aghalabu kazi hutangulia, na moyo hufuata nyuma, kama mtoto anayevutwa mkono.

Nalisema hili kwa sababu siku hizi kuna biashara kubwa ya kuwaambia watu wajisifu mbele ya kioo. Simama, sema mimi ni bora, mimi ni mshindi, rudia mara 20. Mwaka 2009 wataalamu wa Canada, wakiongozwa na Joanne Wood wa Chuo Kikuu cha Waterloo, walilijaribu jambo hilo. Waliwaambia watu warudie maneno ya kwamba wao ni watu wa kupendeka. Wale waliokuwa wakijithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanyonge, yaani hasa wale waliolengwa na dawa, walijisikia vibaya zaidi kuliko wenzao wanyonge ambao hawakurudia chochote. Mimi sikushangaa. Ukimlazimisha mtu aseme maneno ambayo moyo wake haukubali, moyo utamjibu. Na mwaka 2003 Roy Baumeister na wenzake walipopitia tafiti nyingi za Marekani, waliona kwamba kujithamini peke yake hakumfanyi mwanafunzi afaulu. Mara nyingi zaidi ni kufaulu kunakozaa kujithamini.

Wazazi na walimu, hapa pana neno letu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa kiasi cha miaka 10 hadi 12. Watoto walipewa mafumbo mepesi, wakafanya vizuri. Baadhi wakaambiwa, ninyi mna akili. Wengine wakaambiwa, ninyi mmejitahidi. Kisha wakapewa mafumbo magumu na wote wakashindwa. Mara ya tatu walirudishiwa mafumbo ya kiwango cha kwanza. Waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko walivyoanza, na baadhi yao walidanganya walipotakiwa kuandika alama walizopata. Waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi ya mwanzo. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: wazee wetu walikuwa wameliona jambo hili bila mafumbo wala kalamu. Ila sisi tumelielewa methali hiyo nusu. Tumeichukua kuwa ni amri ya kutomsifu mtu kabisa.

Tazameni lugha yetu yenyewe. Tuna maneno mengi ya kumkemea anayejikweza: anajiona, anajisikia, anajivuna, anajigamba, anaringa, ana majisifu. Mtu akisema "fulani anajiona", hakuna anayeuliza anajiona nini. Tunajua ni tusi. Na anayejidharau je? Huyo tunamsifu kwa upole wake. Tunasema ni mnyenyekevu, hana makuu. Basi kijana anakua akijua kwamba njia salama ni kujishusha kabla hajashushwa. Lakini unyenyekevu na kujidharau ni vitu viwili. Mnyenyekevu anajua anachokiweza, hana haja ya kukitangaza, na ukimwita atakuja. Anayejidharau ukimwita anajificha. Wale 23 si wanyenyekevu, ndugu zangu. Wamejificha.

Vijana wa leo pengine hawamjui vizuri John Stephen Akhwari wa Mbulu, nami nataka wamjue kwa njia tofauti kidogo na ile inayosimuliwa siku zote. Mwezi Oktoba 1968 alikimbia mbio za marathoni katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico City, mji ulioko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Misuli ilimkaza, akaanguka, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alikwisha maliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeingia, mguu umefungwa bendeji, akiwa wa 57 na wa mwisho katika waliomaliza. Walioanza walikuwa 75. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma safari yote ile ili aanze tu mbio.

Hapo ndipo wasimulizi wanapoishia, na watu wanapiga makofi. Mimi napenda zaidi yaliyofuata. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, Akhwari huyo huyo alikimbia marathoni akawa wa 5, kwa saa 2 na dakika 15. Yaani alikuwa mkimbiaji wa kweli kabla ya Mexico na baada ya Mexico. Kule kuwa wa mwisho kulikuwa ni habari ya goti lake siku ile. Naye hakukichukua cheo cha "yule wa mwisho" akakifanya jina lake. Alirudi nyumbani, goti likapona, akaendelea na mazoezi.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaangalia saa. Nina mambo matatu kwa Kamati, nami naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza ni ule utaratibu wetu wa kujitambulisha. Kila mwaka tunasimama mmoja mmoja na kutaja jina, mwaka wa kumaliza, na wadhifa. Napendekeza neno wadhifa liondolewe. Mtu ataje jina, bweni lake, na jambo moja alilofanya humu shuleni ambalo walimu hawakulijua. Nawahakikishia tutasikiliza kwa makini zaidi.

La pili ni michango. Karatasi ya michango husomwa kwa sauti, kuanzia kiasi kikubwa kushuka chini, kama vile matokeo ya darasa. Nani atakaa kusubiri asomwe wa mwisho katika umri wa miaka 65? Mweka Hazina asome jumla tu. Anayetaka risiti atapewa.

La tatu linawahusu vijana wale kule nyuma. Matokeo yakitoka mwezi Januari, kuna watakaochaguliwa na kuna watakaokosa. Naomba Kamati iteue watu watano wa kuja hapa shuleni wiki ile ile, wakae na wale waliokosa, wawaeleze habari za kurudia kama watahiniwa wa kujitegemea, habari za vyuo vya VETA, na habari za kazi ambazo sisi wenyewe tunaweza kuwapokea. Fundi wa karakana nimekwisha mwuliza, naye amekubali kupokea wawili. Alikubali haraka sana, nikamwambia basi aje awachague mwenyewe. Hajanijibu.

Orodha ya wale 23 ninayo hapa mfukoni, pamoja na namba za simu za 20 kati yao. Sitaki wapelekewe barua tena. Mkondo wa A wanaangukia kwangu, nitakwenda kwao mwenyewe kabla ya mfungo. Waliokuwa mkondo wa B tafadhali wanione pale dirishani kabla hatujaketi kula, kila mmoja achukue majina mawili.